Dawa ya Polepole Haitwangwi

Mzee mmoja mgonjwa wa presha aliletwa katika kliniki yangu akiwa amezirai. Kijana wake alinieleza hivi: "Daktari, tembe zilikuwa zikimkwama kooni, nikaona heri nizitwange nimtilie katika uji."

Zilikuwa tembe za nifedipini zilizoundwa kutoa dawa kidogo kidogo kwa muda wa saa 12. Zilipotwangwa, dawa ya nusu siku iliingia mwilini kwa mkupuo mmoja na presha ikaporomoka. Aliyewauzia hakuwa amewaonya.

Humkumbuka mzee huyo kila nisomapo habari za nyuzi za polima, yaani kemikali za jamii ya plastiki. Watafiti huchanganya dawa na polima iliyoyeyushwa, kisha huivuta kwa umeme wa volti maelfu hadi iwe nyuzi zilizo nyembamba kuliko unywele zaidi ya mara 100. Mbinu yenyewe si ngeni. Anton Formhals alipata hataza yake Marekani mwaka 1934. Kitambaa cha nyuzi hizo kikiwekwa juu ya kidonda, dawa hutoka taratibu kadiri polima inavyomomonyoka. Baadhi ya polima hizo ni zile zile za uzi wa kushonea majeraha, ambao huyeyuka wenyewe mwilini.

Lakini kuna taabu moja. Dawa iliyo karibu na uso wa uzi huweza kumwagika nyingi katika saa za kwanza. Ndiyo sababu watafiti wengine huuvika uzi wenye dawa ganda la polima nyingine. Wataalamu wanahangaika kuzuia dawa isimwagike kwa pamoja, nasi tunaimwaga wenyewe jikoni kwa kinu na mchi!

Maoni yangu ni kwamba ufundi usioelezwa kwa mgonjwa waweza kumdhuru. Herufi SR, XR au MR huandikwa kwenye boksi, lakini wengi wetu hununua tembe chache zilizotiwa katika bahasha ndogo, na boksi hubaki dukani. Sisi madaktari nasi huandika cheti upesi na kumwita mgonjwa mwingine. Kila bahasha ya dawa hizi yafaa iandikwe kwa Kiswahili: "Meza nzima. Usitafune wala kutwanga."

Nawe msomaji, usiondoke dukani kabla ya kuuliza kama tembe zako zaweza kukatwa. Nyingine zaweza, nyingine haziwezi kabisa. Zikikushinda kumeza, usiziache wala usizitwange. Rudi kwa daktari akubadilishie.

Mzee wetu alipona, na sasa anatumia dawa nyingine. Kijana wake hakuwa mjinga, bali hakuambiwa. Kosa hilo ni letu sisi tunaotoa dawa.