Nani Amesema Amekwisha Kula Fungu Lake?



Juma hili tulialikwa katika kikao cha ukoo mmoja hapa Soweto, nasi tumerudi na uchungu ambao hatukuona vema kuuficha. Majina tunayaweka kando. Kijana wa nyumba ile alipandikizwa figo miaka kadhaa iliyopita, figo ambayo dada yake alimpa kwa moyo mweupe. Sasa imechoka, naye amerudi kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa juma, saa nne kila mara. Mdogo wake amejitokeza, anasema yuko tayari kumpa ya kwake. Kikao kilikuwa cha kuzungumzia fedha. Ndipo mzee mmoja, mtu wa heshima na wa kuhudhuria Misa, akasimama na kusema: “Huyu amekwisha kula fungu lake.” Vichwa vingi vikatikisika kukubali.

Tunalikataa neno hilo, na tunalikataa hadharani kwa kuwa tunalisikia si katika nyumba ile peke yake.

Fungu ni lugha ya machinjioni. Hapa Uchagani kila mtu anajua kwamba mnyama akichinjwa nyumbani, nyama hugawanywa kwa heshima: hiki cha baba mkubwa, hiki cha shangazi, hiki cha wakwe. Aliyepewa chake hanyoshi mkono tena, maana atamnyima mwingine. Utaratibu huo ni mzuri, wala hatuudharau. Lakini figo ya mdogo mtu inamnyima nani? Katika nchi za Ulaya na Marekani zipo orodha ndefu za wagonjwa wanaongojea viungo vya watu waliofariki, na huko swali la nani apewe kwanza, aliyekwisha kupandikizwa au ambaye hajapata hata mara moja, ni swali gumu kweli. Hapa kwetu figo hutoka kwa ndugu aliye hai kwenda kwa ndugu yake. Kijana yule akiambiwa hapana, figo ya mdogo wake haitakwenda kwa mgonjwa mwingine. Itabaki mahali ilipo. Tumeazima hoja ya foleni mahali ambapo foleni haipo.

Wengine wakaleta hoja ya fedha, wakidhani hiyo haijibiki. Ni kweli fedha ni nyingi. Tangu Novemba 2017, Muhimbili walipopandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini wakishirikiana na madaktari kutoka India, na tangu Machi 2018, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilipofuata kwa msaada wa Wajapani, hatulazimiki tena kumpeleka kila mgonjwa ng’ambo. Hata hivyo mzigo ungali mzito. Lakini tuhesabu pande zote mbili, ndugu zangu. Aliyenyimwa figo ya pili haachi kugharimu. Mashine inamngoja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, juma hili na lijalo, na hakuna anayejua mwisho wake. Anayesema “tuokoe fedha” aseme pia anataka mashine isimame siku gani.

Likafuata neno lililotuumiza kuliko yote: “Figo ya dada yake ameichezea.” Je, wamethibitisha? Figo iliyopandikizwa hufa kwa sababu nyingi. Wakati mwingine mwili huikataa, au ugonjwa ule wa kwanza huirudia, au maambukizi huishambulia; nyingine huchoka tu baada ya kufanya kazi miaka mingi. Vijana wa parokia wanaopenda mpira watamkumbuka Ivan Klasnić, mshambuliaji wa Kroatia. Mwanzoni mwa mwaka 2007 mama yake alimpa figo, mwili ukaikataa. Miezi michache haikupita, baba yake akampa ya pili, nayo ikashika. Mwaka 2008 alikuwa uwanjani katika michuano ya Ulaya, akifunga mabao. Mwaka 2017 alipandikizwa tena, mara ya tatu. Mama yule alikosa nini? Mwana alichezea nini? Kama wazee wa ukoo wake wangekuwa hawa wetu, baba angeambiwa arudi nyumbani na figo zake mbili.

Tena, katika habari ya kuichezea figo, tuanze kujihukumu sisi wenyewe. Mtu aliyepandikizwa hana budi kumeza kila siku dawa za kutuliza kinga ya mwili, muda wote figo ile iwapo, na kupimwa damu mara kwa mara. Akizikosa, mwili huitambua figo kuwa ni mgeni na kuivamia. Sisi wa parokia tulifanya harambee ya upasuaji kwa vigelegele, tukaandika daftari, tukamshukuru Mungu, kisha tukafunga daftari. Hatukuuliza hata mara moja kama dawa za mwezi wa nane zilinunuliwa. Tulikuwa na michango ya harusi.

Hatusemi kwamba figo ya pili ni jambo jepesi. Mwili uliokwisha kuikataa ya kwanza huwa umejifunza. Umejitengenezea kingamwili, na kumpata mtoaji anayefaa huwa kugumu zaidi. Matokeo kwa kawaida huwa chini kidogo ya yale ya mara ya kwanza. Lakini kwa mgonjwa ambaye mwili wake unaweza kuhimili upasuaji, hali yake huwa bora kuliko kubaki kwenye mashine. Madaktari wakisema huyu hatahimili, tutanyamaza. Wao wana vipimo. Kikao hakikuwa na kipimo chochote isipokuwa ulimi.

Agosti 29, 2000, Papa Yohane Paulo wa Pili alizungumza mjini Roma na wataalamu wa upandikizaji kutoka duniani kote. Aliwaambia kwamba kiungo kisitolewe kwa kuangalia umri, cheo au manufaa ya mtu kwa jamii. Kipimo kiwe hali ya kitabibu. Alisema vilevile kwamba kitolewe bure, na kwa hiari ya mtu aliyeelezwa yote.

Neno hiari linatugusa upande wa pili. Tulimsikia shangazi mmoja akinong’ona kwamba mdogo mtu akisitasita, apelekewe jani la isale. La hasha! Isale ni jani la kuomba msamaha na upatanisho, na Mchagga halikatai. Kwa sababu hiyohiyo lisipelekwe kwa mtu anayeombwa kiungo cha mwili wake. Kijana huyo azungumze na madaktari peke yake, pasipo baba wala padre, na akisema hapana, asiulizwe sababu. Wala asiwepo wa kutafuta njia ya sokoni. Mwaka 2025 serikali ya jirani zetu Kenya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret baada ya tuhuma kwamba vijana maskini walikuwa wakiuza figo zao. Huko ndiko anakofika mgonjwa ambaye nyumba yake imemwambia amekwisha kula.

Yule Msamaria wa barabara ya Yeriko alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Hakuuliza majeruhi alipita njia ile kwa sababu gani.

Kikao kitakaa tena Jumamosi, saa kumi jioni, nasi tumeomba nafasi ya kusema. Daftari la mchango limefunguliwa upya katika ofisi ya parokia, na safari hii lina kurasa mbili: moja ya upasuaji, nyingine ya dawa za kila mwezi. Ile ya pili bado ni nyeupe.