Butembo na Beni: simu imekuwa banki na redio, lakini funguo zake ziko kwa nani?

Katika miji ya Butembo na Beni, na katika vijiji vya wilaya ya Lubero kama Kipese, simu ya mukononi si chombo cha salamu tu. Ndani yake muna banki, redio, posta, kitabu cha madeni ya duka na, tangu vita vikaribie, njia ya kujua kama barabara ni salama kabla ya kwenda shambani ao sokoni. Raia anainunua kwa pesa yake na kuiita yake. Lakini vitu vine vinavyoifanya itumike, yaani umeme, pesa iliyo ndani yake, mutandao na habari, viko mikononi mwa wengine. Matukio ya miaka ya karibuni yameonyesha wazi jinsi kila kimoja kinaweza kufungwa bila raia kuulizwa.

Umeme wa Luviro na mashini za Bitcoin

Kwa miaka mingi Butembo ilijulikana kuwa kati ya miji mikubwa ya Congo isiyokuwa na umeme wa SNEL, kampuni ya serekali. Wafanyabiashara wake, waliozoea kusafiri hadi Dubai na Guangzhou, walileta jenereta, kisha mabamba ya jua. Hivyo ndivyo vibanda vya kuchaji simu vilizaliwa. Kwa mwenye bamba ni kazi. Kwa mwenye simu ni pesa nyingine inayotoka kila siku, mbele hata ya kununua mega.

Katika wilaya hiyo hiyo ya Lubero kuna jambo ambalo wengi wanaotumia simu huko hawalifahamu vizuri. Kwenye muto Luviro, Parke ya Virunga ilijenga sentrali ya umeme wa maji. Tangu 2020, sehemu ya umeme huo imekuwa ikiendesha mashini za kutafuta Bitcoin, zilizopangwa ndani ya makontena kandokando ya sentrali. Kazi ya mashini hizo ni kushindana na mashini zingine za dunia nzima kutafuta namba fulani. Kila baada ya dakika kama 10 mushindi mumoja analipwa sarafu mupya. Tangu mwezi wa ine 2024 malipo hayo ni Bitcoin 3,125 kwa kila ushindi, yaani tatu na sehemu ndogo ya ine.

Uongozi wa parke, chini ya Emmanuel de Merode, una sababu zake. Mwaka wa 2018 utalii ulifungwa kisha mulinzi mumoja wa parke kuuawa na Waingereza wawili kutekwa. Ebola ilikuwa imeanza pia, na baadaye ikaja Covid. Mushahara wa walinzi ulihitaji chanzo kingine. Sentrali ilikuwa inatoa umeme, lakini waya hazikuwa zimefikia wateja wa kutosha. Umeme usiotumika unapotea.

Hata hivyo Luviro inafundisha jambo gumu. Bitcoin haihitaji nguzo, haihitaji waya wa kilometa nyingi, haihitaji barabara salama. Inahitaji umeme na intaneti ndogo, na matunda yake yanafika kwenye soko la dunia mara moja. Nyumba ya mulimaji inahitaji nguzo, transfoma, mita na mafundi wanaoweza kupita bila kutekwa. Kwa hiyo umeme wa Lubero umepata njia rahisi ya kufika kwenye kompyuta za mbali kuliko ya kufika kwa jirani. Kosa si la mashini, ni la vita na la miaka mingi bila waya. Lakini swali linabaki kwa parke na kwa serekali: pesa ya makontena inasaidia waya kusonga mbele kiasi gani, na ni kijiji gani kitafikiwa kwanza?

Pesa iliyo ndani ya simu

Vodacom ilianzisha M-Pesa katika Congo mwaka wa 2012, miaka mitano kisha Kenya. Airtel Money na Orange Money zinafanya kazi hiyo hiyo. Leo kabini ya kutoa na kuweka pesa iko kwenye kila kona ya Butembo, mahali ambapo banki inaweza kuwa mbali sana. Muzazi wa Kipese anatuma pesa ya masomo bila kupanda motari. Muuzaji wa viazi analipwa kabla gari halijaondoka.

Sababu ya mafanikio hayo ni kwamba huduma hizo hazihitaji simu ya bei kali. Mutu anapiga namba fupi, orodha inatokea, anachagua. Hakuna mega zinazotumika, simu ndogo ya vifungo inatosha. Kinachohitajika ni munara ulio na umeme. Minara mingi ya vijijini inategemea mazuti ao jua, kwa hiyo barabara inapofungwa na mazuti kuchelewa, pesa ya raia inabaki ndani ya simu lakini haiguswi.

Goma imeonyesha upande mwingine wa hatari hiyo. Waasi wa AFC/M23 walipouchukua muji huo mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, banki zilifunga milango. Pesa ya simu ikawa njia kubwa iliyobaki. Lakini kabini haiwezi kutoa noti ambazo haina. Noti zilipopungua, kutoa pesa kukawa na bei yake zaidi ya ile ya kawaida. Mwezi wa ine mwaka huo, AFC/M23 ilifungua upya ofisi ya CADECO katika Goma, lakini ofisi moja iliyokatwa na Banki Kuu ya Kinshasa haiwezi kurudisha mufumo muzima.

Kwa wakaaji wa Beni, ambako utawala wa jimbo la Kivu ya Kaskazini ulihamia kisha Goma kuanguka, na kwa wale wa Butembo, funzo liko wazi. Pesa ya simu ni nzuri kwa kusafirisha, lakini si mahali pa kuweka akiba yote. Thamani yake inategemea noti zilizo ndani ya droo ya kabini, na noti hizo zinakuja kwa barabara ao kwa ndege.

Kuna pia wezi wa mutandao. Njia yao ya kawaida ni ujumbe unaosema pesa imeingia kwa makosa, kisha simu ya mutu anayelia akiomba irudishwe. Muteja anayetuma bila kuangalia salio lake anakuwa amegawa pesa yake mwenyewe. Mwingine anaombwa namba ya siri na mutu anayejiita mufanyakazi wa kampuni. Hakuna mufanyakazi wa kweli anayehitaji namba hiyo.

Kifungo cha Kinshasa

Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku moja kisha uchaguzi, serekali ilikata intaneti katika inchi nzima, pamoja na ujumbe mufupi wa simu. Intaneti ilirudi kisha karibu wiki tatu. Kwa Beni na Butembo uchungu ulikuwa mara mbili: uchaguzi wao ulikuwa umesogezwa hadi mwezi wa tatu 2019 kwa sababu ya Ebola na usalama, kisha hata njia ya kueleza uchungu huo ikafungwa.

Mwezi wa pili 2025, wakati vita vya Goma vikiendelea kujadiliwa kila mahali, mutandao wa X haukufikiwa tena kwa njia ya kawaida katika Congo. Wengi wakakimbilia programu za VPN, zinazoficha mutu anatokea inchi gani. Nyingi kati ya zile za bure hazijulikani ni za nani, na mwenye programu anaweza kuona mahali muteja anapopita. Raia aliyekwepa jicho moja anaweza kuwa amejiweka mbele ya lingine.

Kati ya matukio hayo mawili kulikuwa na RAM, ile daftari ya simu iliyoanza mwezi wa tisa 2020. Mwenye simu ndogo alikatwa dola 1 kwa mwaka, mwenye simu ya intaneti dola 7. Pesa ilichukuliwa kidogo kidogo kwenye unite, mara nyingi mutu anashangaa tu zimeisha. Raia walilalamika, vijana wa LUCHA waliandamana, wabunge waliuliza pesa imekwenda wapi. Mwanzoni mwa 2022 serekali iliiondoa. RAM inakumbusha kwamba kifungo kinaweza pia kurudishwa nyuma, kama watumiaji wanasema pamoja na kwa muda murefu.

Starlink: hewani, lakini si inje ya sheria

Kampuni ya Starlink inatoa intaneti kwa satelaiti, bila munara wa karibu. Kwa kijiji cha milimani jambo hilo lingekuwa kubwa. Mwezi wa tatu 2024, ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ilitangaza kwamba kutumia chombo hicho ni kuvunja sheria. Jeshi lilikuwa na hofu kwamba waasi watafaidika nacho. Mwezi wa tano 2025, serekali ilikubali kutoa ruhusa. Lakini sahani moja inapita uwezo wa jamaa nyingi. Inaweza kufaa kituo cha afya, shule ao parokia, kama walipaji ni wengi na umeme uko. Swali la Luviro linarudi palepale.

Habari zinazookoa, habari zinazoua

Eneo hili linajua bei ya uvumi. Kati ya tarehe 1 mwezi wa nane 2018 na tarehe 25 mwezi wa sita 2020, Ebola iliua watu 2.287 katika mashariki ya Congo, Beni na Butembo zikiwa katikati. Maneno kwamba ugonjwa ni biashara yalipita toka mudomo hadi simu, na simu hadi simu. Vituo vya matibabu vilishambuliwa. Tarehe 19 mwezi wa ine 2019, daktari Richard Mouzoko wa Cameroun aliuawa katika Butembo akiwa kazini.

Leo vikundi vya WhatsApp vinafanya kazi ya kengele. Kanyabayonga na Kirumba zilipoanguka mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, na kila wakati ADF wanapoonekana, ujumbe wa sauti unakimbia kuliko gari. Jamaa fulani zimeokoka kwa sababu hiyo. Lakini picha ya zamani inayotumwa kama ya leo inaweza kufukuza kijiji kizima usiku, na mashamba kubaki kwa wezi. Sheria ya mwaka wa 2023 kuhusu mambo ya dijitali inaadhibu habari za uongo. Katika jimbo lililo chini ya hali ya dharura tangu mwezi wa tano 2021, sheria hiyo inaweza pia kumutisha yule aliyetoa habari ya kweli isiyopendeza wakubwa.

Ulinzi wa kwanza unabaki ule wa desturi: kumupigia mutu anayejulikana, aliye mahali penyewe, kabla ya kusambaza. Lugha nayo inachangia. Programu nyingi zinazosahihisha Kiswahili zimefundishwa Kiswahili cha Tanzania na Kenya. Zinaona « muji » na « inchi » kuwa makosa, na Kinande kwao ni kama hakiko. Kama programu haielewi lugha ya raia, haiwezi kutambua ni uongo gani unaandikwa ndani yake.

Kinachoweza kufanywa sasa

Wakaaji wa Butembo, Beni na Lubero hawawezi kusimamisha vita kwa simu. Lakini wanaweza kugawa hatari: akiba kidogo kwenye simu na nyingine mahali pengine, sim kadi za kampuni mbili, namba za muhimu zilizoandikwa kwenye karatasi. Wanaweza pia kuuliza kwa pamoja, kama wakati wa RAM. Parke iseme waya zitafika wapi na lini. Kampuni za simu ziseme munara upi umezimika na kwa sababu gani. Serekali iseme ni nani anayetoa amri ya kukata mutandao, na kwa sheria ipi. Maswali hayo yanawahusu hata wale ambao simu yao ni ya vifungo tu.