Mtoto akiuliza: mbona mimi sipewi kikombe?

Jumapili ya Meza ya Bwana huwa na swali lake njiani kurudi nyumbani. Mtoto wa miaka sita au saba ameona watu wazima wakipita mbele, wakila na kunywa, naye ameachwa kwenye benchi. "Mama, mbona mimi sinywi?" Jibu jepesi, Isikizya kama kwingine, ni kwamba hiyo ni ya wakubwa. Lakini mtoto anavijua vitu vya wakubwa: sigara, pombe na maneno ambayo hayasemwi mbele yake. Mzazi akiishia hapo, ameweka kikombe cha Bwana kwenye kabati moja na konyagi.

Afadhali aanze na jambo ambalo mtoto ameshaliona. Katika nchi ya Wanyamwezi, kunywa kutoka kibuyu kimoja hakukuwa kukata kiu tu. Huwezi kumpa adui kibuyu ulichokigusa kwa midomo yako. Usiku ule wa Pasaka, Yesu naye alichukua kikombe kimoja akawapitishia wote, hata yule aliyekuwa amekwisha kupanga kumsaliti. Mtoto wa miaka saba anaelewa hilo, na huenda akauliza maswali magumu kuhusu Yuda.

Akikua kidogo, asimuliwe pia kwamba watu waliwahi kufa kwa ajili ya kikombe hicho. Katika Ulaya ya Zama za Kati waumini wa kawaida walipewa mkate tu, divai ikabaki kwa padri. Watu wa Praha wakaanza kudai kikombe kwa wote. Mwezi Juni 1415 Mtaguso wa Konstanz ukalipiga marufuku jambo hilo, na tarehe 6 Julai mwaka huo huo mhubiri wao, Jan Hus, akachomwa moto kwa mashtaka ya uzushi. Wafuasi wake wakafanya kikombe kuwa alama yao. Mwaka 1457 baadhi ya warithi wa imani hiyo wakaunda umoja ambao leo tunauita Kanisa la Moravian, lile lile ambalo makao ya jimbo lake la Tanzania Magharibi yako Tabora mjini. Kumbe bibi wa Uyui anayepokea kikombe Jumapili anapokea kitu kilichogombewa miaka 600 iliyopita.

Wakatoliki, ambao mapadri wao walifika Tabora katika karne ya 19, hufundisha kwamba Kristo yumo mzima katika mkate peke yake, na pia katika divai peke yake. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ruhusa ya kikombe kwa waumini ilirudi kwa nafasi fulani, ingawa wengi bado hupokea hostia tu. Kwa hiyo mtoto ambaye baba yake ni Mkatoliki na mama yake Mmoravian asiambiwe kwamba upande mmoja unanyimwa.

Kuna nyumba ambamo suala hili si la historia hata kidogo. Baba ameacha pombe, mwaka wa kwanza huu, na divai ya kanisani inamtisha. Ataona haya kubaki kwenye benchi, maana majirani watasema ametengwa. Mke asimsukume wala asimfiche. Aende naye kwa mchungaji siku ya kawaida, si Jumapili mlangoni watu wakiwa wengi, wamweleze. Makanisa mengine hutumia maji ya zabibu yasiyo na kilevi, jambo ambalo Thomas Welch, daktari wa meno wa Kimethodisti huko Marekani, alilianzisha mwaka 1869. Pasipokuwa na hayo, mkate tu unatosha, na mchungaji mwenye busara hatamuuliza mbele za watu. Paulo mwenyewe aliwakaripia Wakorintho kwa sababu wengine walilewa mezani huku maskini wakikaa na njaa.

Hofu ya magonjwa nayo isidharauliwe, ila isipewe uzito usio wake. Virusi vya Ukimwi haviambukizwi kwa kunywa kikombe kimoja. Mtoto wa mama anayetumia ARV asikie hivyo nyumbani kabla hajasikia mengine shuleni. Mwenye mafua makali au vidonda mdomoni apokee mkate tu, au aombe vikombe vidogo pale vilipo.

Na lile swali la kwanza? Waorthodoksi humpa hata mtoto mchanga kwa kijiko, tangu anapobatizwa. Wakatoliki humngojea komunyo ya kwanza, Wamoravian na Walutheri kipaimara, Wapentekoste wengi ubatizo wa maji mengi. Mzazi anaweza kusema kwa ukweli kabisa: "Makanisa hayakubaliani, mwanangu. La kwetu linataka ujifunze kwanza." Halafu amtajie darasa linaanza lini.