Wasiachwe kuchaguliwa kozi na mwenye duka

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, maduka ya steshenari yenye intaneti hufurika. Humo ndimo kijana ambaye kwao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu anapoamuliwa masomo ya miaka mitatu hadi mitano. Anaulizwa kombi yake na pointi zake, kisha mwenye duka mwenye haraka na foleni anamjazia kozi “zinazopatikana.”

Hali hii inatutisha. Tangu 2017, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ilipoachana na mfumo wa udahili wa pamoja, mwombaji hutuma maombi moja kwa moja chuoni. Uhuru huo unamfaa mwenye dada au mjomba aliyepita huko. Mtoto wa mkulima wa Kibondo hana wa kumwambia kwamba pointi 4.0 ni kiwango cha chini tu, na kwamba kozi nyingi zina masharti yake ya ziada.

Kibaya zaidi, akaunti yake ya maombi hufunguliwa kwa barua pepe na namba ya simu ya mwenye duka. Akidahiliwa na vyuo viwili, sharti athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe. Ujumbe unaingia kwenye simu ya mtu mwingine, siku za kuthibitisha zinapita, nafasi inapotea.

Kisha lipo suala la mkopo. Wazazi wengi huamini kuwa aliyepata chuo amepata na mkopo. Sivyo. Bodi ya Mikopo ina maombi yake, na cheti cha kuzaliwa lazima kwanza kihakikiwe na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), au na mamlaka ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Yatima anatakiwa pia kuwa na cheti cha kifo cha mzazi, ambacho familia nyingi za vijijini hazikuwahi kukifuatilia. Hata anayefanikiwa anaweza kupewa sehemu tu ya ada. Inayobaki ni juu ya baba yake, ambaye hakuambiwa mapema.

TCU hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka, lakini kwa Kiingereza. Maonesho ya vyuo hufanyika Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, na nauli ya kufika huko ni mzigo kwa familia hizi hizi.

Tunazitaka Wizara ya Elimu na TAMISEMI zichukue hatua sasa. Mwongozo utafsiriwe kwa Kiswahili na ufike kila sekondari ya juu. Kila mwanafunzi aondoke shuleni akiwa na barua pepe yake mwenyewe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa. Wazazi nao waitwe shuleni, waelezwe ada, malazi na namna ya kujua kama chuo kina ithibati. Yote yakamilike kabla ya mitihani ya Mei, wanafunzi wakiwa bado mikononi mwa walimu wao.