Kifaa Kimfae Mzee

Siku hizi kimeenea kifaa kidogo kinachovaliwa mkononi mithili ya saa, ambacho kazi yake ni kuhesabu hatua anazotembea mtu tangu asubuhi hadi jioni. Wazee nao wanahimizwa wakivae. Nia hiyo ni njema, kwani mwili usiotumika hudhoofika. Hata hivyo hatuna budi kuuliza: kifaa hicho kilipobuniwa, ni nani aliyemfikiria mzee?

Tulitazame lile lengo la hatua 10,000 kwa siku. Wengi hudhani kwamba liliwekwa na madaktari. Ukweli ni kwamba lilitokea Japani mwaka 1965, wakati kampuni moja ilipoanza kuuza kifaa kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua 10,000. Ilikuwa hesabu ya kuvutia wanunuzi, wala haikutokana na utafiti. Mwaka 2019 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya utafiti juu ya wanawake wapatao 17,000, wenye wastani wa umri wa miaka 72. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700. Na kupita hatua 7,500 hivi, nafuu hiyo haikuongezeka tena.

Basi bibi aliyetembea hatua 5,000 ameitendea afya yake wema mkubwa, lakini kila jioni kifaa humwambia kwamba ameshindwa. Tena, vifaa vya mkononi hutambua hatua kwa mtikisiko wa mkono. Mzee aendaye polepole, au ambaye mkono wake umeegemea mkongojo, hatua zake nyingi hupotea bila kuhesabiwa. Na yule aliyeinama na jembe shambani saa nzima, jasho likimtiririka, kazi yake haipimwi sawasawa. Huo ni upunjaji, na mtu anayepunjwa kila siku hatimaye huivua saa hiyo na kuitupa kabatini.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wabunifu wa vifaa hivi, ambao wengi wao ni vijana, wakae na wazee tangu siku ya kwanza ya kazi, wala wasisubiri kuwaletea kitu kilichokwisha kutengenezwa. Lengo lilingane na uwezo wa mhusika. Maandishi yasomeke. Mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, ambayo mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwashauri wenye miaka 65 na zaidi wayafanye angalau siku 3 kwa wiki ili wasianguke, nayo yahesabiwe. Na habari za mwendo wa mzee ni mali yake: asionyeshwe mtu, awe mwanawe au mfanyabiashara, pasipo ridhaa yake.

Mwalimu na mtumishi wa umma wanaosoma maneno haya wanao wazazi, nao wenyewe wako njiani kuelekea uzeeni. Kabla ya kumnunulia mzee kifaa, na tumuulize kwanza anataka kimsaidie nini.