Kusukuma Gari si Dawa ya Betri

Ndugu Wanachama,

Mtakumbuka kwamba katika mkutano wetu uliopita palizuka maneno mengi juu ya gari ya chama. Baadhi ya wazee wetu walisema kwamba gari za siku hizi ni pambo tu, hazifai shamba, na kwamba bora tuiuze hii tuliyonayo tutafute Land Rover ya zamani, ambayo ikikataa kuwaka watu wanne huisukuma na safari ikaendelea. Vijana nao wakajibu kwamba gari yoyote yenye gia za mkono husukumwa ikawaka, iwe ya zamani au mpya, na anayelalamika ni mvivu wa kusukuma. Mkutano ukafungwa bila ya shauri. Mimi nilinyamaza, kwa sababu katika jambo hili nina kosa langu, na mwenye kosa huona uzito kusema mbele za watu. Leo nitalisema kwa kalamu.

Msimu uliopita, kabla ya kuanza kuchuma, dereva wetu alikuja ofisini akaniambia kuwa betri imechoka. Nilimjibu kwamba fedha zilizopo ni za majamvi na magunia, na kwamba gari inasukumika, basi wasukume. Wakasukuma kila asubuhi. Hata jioni moja ya mvua, gari ikiwa bondeni imepakiwa magunia ya karafuu mbichi za mwanachama wetu mmoja, mama mtu mzima, ikakataa kabisa. Watu walisukuma mpaka ikaadhiniwa magharibi. Kijana mmoja akateleza katika udongo akaumia goti. Magunia yakalala humo humo garini. Kila mmoja wetu ajua karafuu mbichi ikilala guniani hufanya nini: asubuhi ukitia mkono ndani unaona moto, na ikianikwa haikauki kwa rangi yake, bali hutoka imefifia na kunyauka. Zilipofika kituoni zikashushwa daraja. Yule mama hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: "Mwanangu, hiyo betri yauzwa kiasi gani?" Sikuwa na jawabu, na mpaka leo sinalo.

Baada ya msimu nilipata safari ya kwenda Bukoba na Muleba, katika mkoa wa Kagera, kuonana na wakulima wa kahawa na kutazama jinsi wanavyoendesha vyama vyao. Wenzetu hao si wageni wa ushirika. Umoja wao mkuu ulianza mwaka 1950, na leo wajulikana kwa jina la KCU. Nao kama sisi huanika mazao yao juani, maana kahawa yao ya robusta huivunwa mbivu ikaanikwa pamoja na maganda yake. Nchi yao kadhalika yafanana na Pemba kwa mambo ya gari: mji wa Bukoba uko chini ufukweni mwa Ziwa Viktoria, na nyuma yake ni vilima, na ukishika njia ya kwenda Muleba, kupita Kemondo na Muhutwe, ukaacha barabara kuu ukaingia vijijini, ni kupanda na kushuka katika udongo mwekundu baina ya migomba.

Huko niliona mambo mawili yaliyonifungua macho.

La kwanza, nyumbani kwa mkulima mmoja mzee nilikuta Land Rover ya zamani, yenye tundu la hendeli mbele. Betri yake, kwa maneno ya mwenyewe, ilikuwa "ya kuwashia taa ndogo tu." Mzee aliiegesha juu ya mteremko kila siku. Aliingia ndani, akafungua swichi, akaiachia ikateremka, akatia gia ya pili na kuachia klachi. Gari ikakohoa mara moja ikawaka. Nikawakumbuka wazee wetu wa mkutanoni.

La pili lilikuwa kesho yake. Tulikuwa katika pikapu mpya ya chama chao kimoja, nayo ikakataa kuwaka. Mimi, kwa mazoea ya huku kwetu, nilikunja mikono ya kanzu nikaenda nyuma. Dereva, mtu mzima wa Kihaya, akanizuia kwa adabu. "Ngoja kwanza, Shehe," akasema. Akafungua swichi akatazama taa za dashibodi. Zilikuwa zimekufa zote. Akatoka, akafunga mlango. "Kama taa zingewaka, tungesukuma. Zimekufa, basi tusichoke bure." Akaenda kuleta gari nyengine na nyaya za betri, na baada ya dakika chache tukaondoka.

Nilimwuliza sababu njiani, na niliporudi nikawauliza mafundi wa huku na kusoma kiasi nilichoweza. Naeleza hapa kwa lugha ya shamba.

Kusukuma gari ni kufanya kazi ya stata tu. Magurudumu yakizunguka, na gia ikiwa imeingia, ukiachia klachi magurudumu yanaizungusha injini badala ya stata. Basi. Kazi nyengine zote zinazohitajika ili injini iwake, kusukuma hakuzifanyi. Hapo ndipo penye tofauti ya gari ya zamani na ya leo.

Katika gari ya zamani, injini ikishazungushwa ilijitosheleza kwa karibu kila kitu. Pampu ya petroli katika nyingi ya gari hizo iliendeshwa na injini yenyewe. Kabureta ilivuta mafuta kwa pumzi ya injini. Moto wa plagi ulitoka katika koili, ambayo haitaki ila amperi tatu au nne, na hata betri iliyochoka huzitoa. Dainamo nayo ikizungushwa kwa kasi huanza kutoa umeme wake wenyewe. Ford ya Model T, iliyotengenezwa Marekani tangu mwaka 1908 hata 1927, ilikuwa na sumaku za umeme ndani ya injini, ikaweza kwenda bila ya betri kabisa. Na injini za dizeli za zamani hazina plagi za moto. Pampu yao ya mafuta huzungushwa na injini. Lori kama hilo likisukumwa au likiteremshwa, huwaka hata betri ikiwa imetolewa ikawekwa pembeni. Basi wazee wetu hawakusema uongo. Walisema kweli ya gari walizozijua.

Gari ya leo si hivyo. Pampu ya petroli imo ndani ya tangi na inakwenda kwa umeme. Nozeli hufunguliwa kwa umeme. Kompyuta ndogo ndiyo inayoamrisha mafuta kiasi gani na wakati gani. Mwanzo wa mambo hayo ni wa zamani kidogo, kwani Volkswagen waliuza gari yenye nozeli za kuamrishwa kwa umeme tangu mwaka 1967, lakini sasa ndiyo desturi ya gari zote mpya. Nyingi zina ufunguo wenye chipu, ambao kompyuta isipoutambua haiachii injini iwake. Nchi za Ulaya zilishurutisha kinga hiyo katika gari mpya tangu mwaka 1998. Dizeli za sasa pia hungoja kompyuta na presha kubwa ya mafuta ndipo nozeli zifunguke. Vyote hivi hula umeme wa betri kabla injini haijawaka. Betri ikiwa maiti, hata kijiji kizima kikisukuma ni kazi bure.

Lakini vijana nao wana haki yao. Stata ni mlafi, hutaka amperi mia na zaidi, na za dizeli kubwa ni zaidi ya hapo. Kompyuta na pampu hazitaki ila sehemu ndogo ya hizo. Kwa hiyo betri iliyoshindwa kuzungusha stata yaweza bado kuiamsha kompyuta, na hapo gari mpya ya gia za mkono itawaka kwa kusukumwa. Kadhalika ikiwa betri ni nzima na stata ndiyo iliyoharibika. Ndiyo maana gari yetu iliwaka kwa kusukumwa kila asubuhi, na ndiyo maana jioni ile haikuwaka. Kila siku betri ilikuwa inapungua kidogo, na sisi tukadhani nguvu ni za mabega yetu. Lau ningeelewa hivyo mapema, magunia ya yule mama yangalikuwa salama. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yako mambo mengine matatu ya kuangaliwa. Gari ambazo hubadilisha gia wenyewe haziwaki kwa kusukumwa, kwani mafuta yanayoshikisha gia zao husukumwa na pampu inayozungushwa na injini, na injini imelala. Pili, gari mpya injini ikiwa imezima, breki huwa ngumu na usukani huwa mzito, kwa hiyo kuiachia katika mteremko mkali si sawa na kuiachia Land Rover ya yule mzee. Tatu, gari ya petroli ikisukumwa mara nyingi bila kuwaka, mafuta mabichi huingia katika kichujio cha moshi kilichomo katika bomba la ekzosi, na injini itakapowaka mafuta hayo yaweza kukichoma. Kichujio hicho ni ghali kuliko betri.

Sasa, tuuze gari yetu tununue ya zamani? Mimi naona hapana. Sifa ya gari ya zamani ilikuwa kwamba ikiharibika inatengenezeka kwa spana na nguvu za watu. Lakini tusisahau jinsi hendeli ilivyokuwa ikivunja mikono. Ndiyo sababu Wamarekani walipotia stata ya umeme katika Cadillac mwaka 1912, kazi ya Charles Kettering, watu waliipokea kwa furaha. Na Land Rover ya zamani hunywa mafuta mengi, na vipuri vyake si rahisi kupatikana. Gari mpya haikuondoa taabu, imeihamisha. Zamani taabu ilikuja asubuhi pale gari ilipokataa, nayo ikamalizwa kwa kusukuma. Sasa taabu yafaa tuichukue kabla, kwa fedha kidogo na uangalizi, au itatukuta bondeni usiku na karafuu mbichi garini.

Shauri langu kwa wanachama, nalo nitalileta katika mkutano ujao lipigiwe kura, ni haya yafuatayo.

Mosi, fedha za betri ziwekwe kando kabla ya msimu, wala katibu asiwe na ruhusa ya kuzitumia kwa majamvi wala kitu chengine chochote. Nasema hivyo nikijijua mwenyewe.

Pili, tununue mita ndogo ya umeme, na dereva apime betri kila wiki kabla ya kuwasha gari. Betri nzima iliyojaa husoma kiasi cha volti 12.6. Ikishuka chini ya 12 hiyo inaomba msaada. Injini ikiwa inakwenda yafaa isome kama 14. Isipofika hapo, altaneta haichaji, na betri mpya nayo itakufa vile vile.

Tatu, zinunuliwe nyaya nene za kuunganishia betri, zikae garini daima. Nyekundu kwa nyekundu, na nyeusi ya mwisho ifungwe katika chuma cha injini, mbali na betri, ili cheche isirukie hewa ya betri.

Nne, kusukuma kusiwe desturi. Ikibidi, dereva atazame taa kwanza kama alivyofanya yule wa Muleba. Taa zikiwaka, basi isukumwe katika tambarare, swichi ikiwa wazi ili usukani usijifunge, gia ya pili, na watu wakae nyuma pembeni, si mbele wala kati. Asivutwe mtu kwa kamba nyuma ya gari nyengine, kwani injini ikiwaka ghafla gari ya nyuma humrukia wa mbele. Na watoto wasiitwe kusukuma.

Tano, siku tukinunua gari nyengine, iwe ya gia za mkono. Kusukuma ni akiba ya dharura, na akiba haitupwi, ila mtu haishi kwa akiba.

Wazee wangu, najua wako watakaosema kwamba katibu amekwenda Bukoba kutazama kahawa akarudi na habari za betri. Za kahawa nitaziandika mara nyengine, inshaallah. Hizi nimezitanguliza kwa sababu msimu u karibu, na kwa sababu yule mama ni mwanachama kama mimi na wewe, alipanda na kupalilia na kuchuma, na jasho lake likapotea kwa uchumi mbaya wa ofisi yangu. Nimekwenda kwake kumtaka radhi. Sasa nakutakeni radhi nyote, na nataka mnisaidie nisirudie.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wenu