Pombe hadi mlangoni: nani ataangalia kitambulisho?

Nilipolala Kakamega, karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, nilimwona mwendesha bodaboda akisimama nje ya hosteli saa sita za usiku. Alipiga simu, kijana akatoka, akapokea mfuko uliokuwa ukilia chupa, wakaagana. Hakuna aliyeulizwa umri.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Baa za kawaida nazo hutakiwa kufunga saa tano usiku. Lakini leseni hutolewa kwa duka au baa, kwa kudhani kwamba mnunuzi atafika hapo na muuzaji atamwona uso. Mwaka 2020, baa zilipofungwa kwa sababu ya korona, wengi walizoea kuagiza kwa simu, na mazoea hayo yamebaki.

Julai 2025 serikali ilizindua sera inayopendekeza umri upandishwe hadi miaka 21, na pombe isiuzwe mtandaoni wala kupelekwa majumbani. Watu walipolalamika, NACADA ilieleza kuwa sera hiyo bado si sheria.

Mimi naona marufuku kamili haitafua dafu. Chang'aa ilipigwa marufuku kisheria tangu 1980 hadi 2010, na miaka yote hiyo ilipikwa na kunywewa, Magharibi na kwengineko. Tukizuia kila kitu, biashara itahamia kwa wasio na leseni kabisa, na atakayekamatwa ni yule wa bodaboda anayetafuta nauli yake.

Afadhali mzigo abebeshwe mwenye duka. Awe na kibali maalumu cha kupeleka pombe, asipeleke baada ya saa za kufunga, na kitambulisho kiangaliwe mlangoni kabla ya mfuko kutolewa. Akimpelekea mtoto, leseni yake ifutwe.

Haya hayahitaji kungoja Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Bunge la Kaunti ya Kakamega laweza kuanza, na la Mombasa, Kilifi au Kwale vilevile.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tusiwaangalie wa Kakamega hivyo. Simu na pikipiki hata huku kwetu Pwani zipo, na watoto wetu pia wanakaa hosteli.